Shokapu zilizochoka: hatari iliyojificha chini ya pikapu za Alexandra

Kila alfajiri pikapu hutoka katika vichochoro vya kitongoji cha Alexandra, kaskazini mashariki mwa jiji la Johannesburg, zikiwa zimesheheni saruji, mabati, magodoro, mboga au vifaa vya mafundi wanaokwenda kazini katika majumba ya Sandton, kilomita chache tu kutoka hapo. Waafrika Kusini huyaita magari hayo bakkie. Kwa mwenye nalo, gari hilo ni ghala, duka na mshahara wa mwezi.

Nyingi kati ya pikapu hizo zimeundwa humo humo nchini. Toyota Hilux hutengenezwa Prospecton karibu na Durban, Ford Ranger huko Silverton mjini Pretoria, na Isuzu katika jiji la Gqeberha, ambalo hadi mwaka 2021 liliitwa Port Elizabeth. Afrika Kusini, kinyume na Tanzania au Kenya, kwa kawaida hairuhusu magari yaliyokwishatumika kuingizwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo pikapu huuzwa ikiwa mpya, kisha hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine ndani ya nchi, na mara nyingi inapomfikia mnunuzi wa tatu au wa nne bado imefungwa shokapu zile zile ilizotoka nazo kiwandani.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Kazi ya shokapu

Wengi huamini kwamba shokapu, au shokomzoba kama baadhi ya mafundi wa Afrika Mashariki wanavyoiita, ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi: kwa pikapu nyingi, springi za mviringo mbele na zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka nyuma. Springi ikishabonyezwa hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, ikabonyea tena. Gari lisilo na kizuizi lingeendelea kupanda na kushuka mara moja au mbili kila sekunde, huku magurudumu yenyewe yakidunda kwa kasi kubwa zaidi juu ya lami.

Shokapu ndiyo inayokomesha mchezo huo. Ndani yake mna silinda iliyojaa oili na pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Gurudumu linapopanda au kushuka, pistoni huilazimisha oili kupenya katika vitundu hivyo kwa shida, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Shokapu nyingi za kisasa huwa pia na gesi ya naitrojeni, inayoizuia oili isitoe povu pale gari linapopita katika njia mbovu kwa muda mrefu.

Sili ikichakaa, oili huvuja. Vali zikilika, oili hupita kwa urahisi mno. Kwa vyovyote vile, gurudumu huanza kuruka, na gurudumu lililo hewani haliwezi kushika breki wala kutii usukani. Hata breki zinazozuia magurudumu kujifunga hupoteza sehemu ya uwezo wake, kwa kuwa nazo hutegemea mgusano wa tairi na barabara. Kwa pikapu iliyobeba karibu tani moja, ikiteremka kwenye lami iliyolowa, tofauti hiyo yaweza kuamua kama gari litasimama kabla ya kivuko cha watoto wa shule au baada yake.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba shokapu haifi kwa siku moja. Hudhoofika kidogo kidogo, na dereva hubadili uendeshaji wake bila kujua: hupunguza mwendo kwenye kona, hushika usukani kwa nguvu zaidi, hulilaumu barabara. Na barabara za Johannesburg, zenye mashimo ambayo wakazi wameyalalamikia kwa miaka, zinastahili lawama hiyo kwa sehemu tu.

Sheria nayo haimwamshi. Nchini Afrika Kusini gari la mtu binafsi hutakiwa kupata cheti cha ukaguzi linapobadili mmiliki, si kila mwaka. Pikapu inaweza kubeba mizigo kwa muongo mzima pasipo mkaguzi kuinama kuitazama chini.

Dalili

Watengenezaji kadhaa wa vipuri hushauri shokapu zifikiriwe kubadilishwa baada ya takriban kilomita 80,000, lakini mashimo, matuta na mizigo huufupisha umri huo. Jaribio maarufu la kulibonyeza gari kwa mikono na kulihesabu linavyodunda halitoshi, hasa kwa pikapu, kwani springi zake za nyuma ni ngumu na halidundi hata shokapu ikiwa imekufa. Ushahidi bora huonekana kwingine: oili iliyoloanisha mwili wa shokapu, tairi zilizolika kwa mabonde mabonde, pua ya gari kuinama mno wakati wa kufunga breki, au mpira wa bushi uliopasuka.

Pikapu iliyoketi chini upande wa nyuma hata bila mzigo ina ugonjwa mwingine: springi zimechoka. Kumnunulia mwenye gari hilo shokapu ngumu zaidi ni kumpotezea fedha.

Kazi ya kubadilisha

Shokapu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, kwa sababu mpya na nzee kwenye ekseli moja huvuta gari kwa namna mbili tofauti.

Upande wa nyuma kazi si ngumu. Gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi, na chesisi hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, na matofali yanayotumiwa na baadhi ya mafundi wa kando ya njia yaweza kupasuka bila kutoa onyo. Ekseli nayo hushikiliwa kwa jeki ya pili ili isining'inie na kulivuta bomba la mpira la breki. Nati zenye kutu hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza na kuachwa kwa muda. Shokapu mpya ya oili husimamishwa wima na kusukumwa mara kadhaa ili hewa itoke. Bolti za kwenye bushi hukazwa kikamilifu pale tu gari linapokuwa limeshushwa na kusimama kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa hewani, mpira hujipinda na kuchanika mapema.

Mbele ni habari nyingine. Katika pikapu nyingi za sasa shokapu hupita katikati ya springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Atakayeifungua nati ya katikati ya juu kabla ya kuibana springi kwa kifaa maalumu anaweza kupoteza vidole, macho au maisha. Kazi hiyo ni ya gereji yenye vifaa, na eneo la viwanda la Wynberg, linalopakana na Alexandra, liko mwendo wa dakika chache. Baada ya hapo alaimenti ya magurudumu hupimwa.

Kishawishi kikubwa ni bei. Kuna shokapu zilizotobolewa, zikajazwa oili upya, zikachomelewa na kupakwa rangi hadi zikang'aa. Oili hiyo yaweza isiwe ya uzito unaofaa, na vali zilizolika hubaki zilivyokuwa. Katika kitongoji ambacho wakazi wake, mwaka 1957, walisusia mabasi na kutembea takriban kilomita 15 hadi mjini kwa ajili ya nyongeza ya peni moja ya nauli, hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini kipuri rahisi huvutia. Hata hivyo jozi moja mpya ya kiwango cha kawaida, inayolingana na ile ya kiwandani, ni ununuzi wa busara kuliko nne zilizofufuliwa.

Zile kuukuu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zenye gesi hazifai kukatwa kwa msumeno wa umeme wala kutupwa motoni, kwani shinikizo lililomo ndani huweza kuzipasua, na oili yake haipaswi kumwagwa kwenye mitaro inayoelekea Mto Jukskei.