Sekenke: Mlima Umezoeleka, Mbuga Bado

Dereva wa lori anayetoka Singida kwenda Igunga huujua Mlima Sekenke kwa kona zake na harufu ya breki. Akishuka salama, barabara ikanyooka Shelui, hushusha pumzi. Mhandisi wa barabara huanza kuhangaika hapo hapo.

Mbele kuna uwanda wa Wembere na udongo wake mweusi, ule unaoitwa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa. Mvua zikinyesha hunywa maji, huumuka kama unga wa mandazi na kuinua kilichojengwa juu yake. Chanzo ni madini ya smektaiti, vibamba vyembamba mno ambavyo maji hujipenyeza kati yake na kuvitanua. Kandoni mwa barabara udongo hulowa na kukauka upesi kuliko katikati, ndiyo maana lami huanza kupasuka pembeni.

Dawa iliyozoeleka ni chokaa, si ya kupaka ukutani bali ya kuchanganywa na udongo wenyewe, mara nyingi asilimia 3 hadi 8 ya uzito wake mkavu. Kalsiamu huchukua nafasi ya sodiamu kati ya vibamba, hamu ya maji hupungua, na tope lililong'ang'ania buti huwa chengachenga zinazoshindilika. Kisha, kwa wiki na miezi, chokaa huungana na silika na alumina za udongo kuzaa gundi kama ya saruji. Saruji yenyewe hupata tabu kuchanganyika na tope linalonata. Hiyo hufaa zaidi kwenye changarawe. Majivu ya pumba za mpunga yana silika tele, na pumba Wembere si haba, ila bila chokaa hayafiki mbali.

Kuna mtego. Maji ya Wembere hayafiki baharini. Huingia Ziwa Kitangiri, kisha Eyasi, ambako hukauka na kuacha chumvi. Baadhi ya chumvi huwa salfeti, na udongo wenye salfeti nyingi ukitiwa chokaa huweza kuvimba kuliko mwanzo. Sampuli hutangulia maabara, greda baadaye.

Huko Sekenke Wajerumani walichimba dhahabu, ikafuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mjenzi wa barabara hutamani zaidi kifusi, kwa kuwa njia ya zamani ni kuchimbua mbuga na kujaza kifusi cha moramu. Karibu na mlima njia hiyo ni nafuu. Kila kilomita ndani ya uwanda huongeza mafuta ya lori, hadi mfuko wa chokaa unaanza kuonekana rahisi.