Bakuli la Pho na Shinikizo la Damu: Chakula cha Wavietnam katika Little Saigon

Kusini-mashariki mwa jiji la Los Angeles, katika Kaunti ya Orange, jimbo la California, ipo barabara iitwayo Bolsa ambayo mabango ya maduka yake yameandikwa kwa Kivietnam kwanza, Kiingereza baadaye. Eneo hilo, lililoenea katika miji ya Westminster na Garden Grove, huitwa Little Saigon. Chimbuko lake ni kuanguka kwa mji wa Saigon tarehe 30 Aprili 1975. Katika miezi iliyofuata, wakimbizi wapatao 50,000 walipitia kambi ya kijeshi ya Pendleton, iliyopo kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, na wengi wao wakatafuta makazi mahali ambapo kodi ya nyumba ilikuwa nafuu. Leo kaunti hiyo ina watu zaidi ya 200,000 wenye asili ya Vietnam, jamii kubwa kuliko nyingine yoyote ya aina yake nje ya nchi hiyo.

Mgeni huvutwa huko na chakula. Mhudumu wa afya naye hana budi kukifahamu chakula hicho, kwa sababu nyingine kabisa. Nchini Vietnam kiharusi ndicho kisababishi kikuu cha vifo, na nyuma ya kiharusi aghalabu husimama shinikizo la juu la damu lisilotibiwa. Mhamiaji huvuka bahari pamoja na mapishi yake. Akifika kliniki na kupewa karatasi ya ushauri inayotaja viazi, siagi na nyama za kopo, huipokea kwa heshima, huitikia kwa kichwa, kisha hurudi nyumbani akapika kama alivyopika jana. Karatasi hiyo haikumgusa, kwa kuwa haikutaja hata kitu kimoja kilichomo jikoni mwake.

Inafaa kuanza na pho, supu ya tambi za mchele iliyoanzia kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20 na kushuka kusini pamoja na wahamiaji wa mwaka 1954, nchi ilipogawanywa. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na vitunguu na tangawizi vilivyobabuliwa motoni, mdalasini, iliki, karafuu na anisi nyota. Msomaji wa mwambao hatapata shida kuitambua harufu yake. Katika migahawa ya Little Saigon, ambayo kwa sehemu kubwa hufuata desturi ya kusini, bakuli huletwa pamoja na sahani ya majani mabichi: rehani, giligilani, chipukizi za choroko, vipande vya ndimu na pilipili. Mlaji huyatupia mwenyewe ndani ya supu ya moto. Ukiondoa chumvi, ni vigumu kukitafutia kasoro chakula hiki: mafuta ni ya wastani, nyama ni vipande vyembamba, na mboga ni nyingi kuliko katika milo mingi ya migahawa ya Marekani.

Lakini chumvi ndiyo kiini cha suala lenyewe, na haionekani kwa macho, kwani imeyeyuka ndani ya mchuzi. Bakuli kubwa kuliko yote hupewa jina la utani lenye maana ya garimoshi, na anayelimaliza lote pamoja na mchuzi wake anaweza kuwa amekula chumvi ya siku nzima kabla ya saa nne asubuhi, kwani pho ni chakula cha asubuhi pia. Hapa ushauri ni mwepesi na haumnyang'anyi mtu chochote: ale tambi, nyama na majani, aache mchuzi mwingi ndani ya bakuli. Aagize bakuli dogo. Aonje kwanza kabla ya kuongeza sosi yoyote iliyopo mezani.

Nyuma ya pho, na nyuma ya karibu kila kitoweo cha Wavietnam, kuna nuoc mam, maji ya samaki. Hutengenezwa kwa samaki wadogo wa jamii moja na dagaa mchele wa mwambao wa Afrika Mashariki, wanaopangwa kwa chumvi ndani ya mapipa makubwa ya mbao na kuachwa wachachuke kwa takribani mwaka mzima. Kimiminika kinachochujwa ni chekundu kama chai, chenye harufu kali na ladha tamu ya nyama. Kijiko kimoja cha chakula kina takribani miligramu 1,400 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Vietnam mwaka 2015 ulikadiria kuwa mtu mzima alikuwa akila gramu 9.4 kwa siku, na sehemu kubwa ilitoka katika viungo vya chumvi vinavyotiwa wakati wa kupika au kuchovyewa mezani.

Kwa hiyo swali la kawaida la kliniki, "Je, unaongeza chumvi mezani?", hupata jibu la kweli lisilo na faida. Mgonjwa hujibu kuwa haongezi, na hasemi uongo. Kidau cha chumvi hakipo mezani kwake. Kilichopo ni kibakuli cha nuoc mam iliyochanganywa na maji, ndimu, sukari, kitunguu saumu na pilipili. Swali bora ni hili: chupa ya nuoc mam hukaa siku ngapi nyumbani, na wanaokula ni wangapi? Wizara ya Afya ya Vietnam yenyewe imekuwa ikiwahimiza wananchi watie chumvi kidogo wanapopika, wachovye kwa mkono mwepesi, na wapunguze vyakula vya chumvi nyingi. Maneno hayo, kwa kuwa yametoka ndani ya utamaduni wenyewe, yana nguvu kuliko agizo la kuacha kabisa. Kuongeza maji na ndimu katika kibakuli, na kuchovya ncha ya tonge badala ya kumimina juu ya wali, ni mabadiliko ambayo hata bibi mwenye jiko lake anaweza kuyakubali.

Suala la sukari huanzia kwenye wali na tambi, hasa pale panapopunguzwa mboga na kuongezwa wanga kwa sababu maisha ya kazi hayana muda. Hata com tam, wali wa chenga uliokuwa chakula cha watu wa hali ya chini, siku hizi huletwa ukiwa mlima, na nyama ya nguruwe ya kuchoma juu yake. Kahawa nayo hunywewa na maziwa mazito ya kopo, desturi ya tangu enzi za Wafaransa, maziwa mabichi yalipokuwa hayadumu katika joto. Vijiko viwili vya chakula vya maziwa hayo vina takribani gramu 20 za sukari. Mhudumu asidanganywe na umbo jembamba la mgonjwa: Chama cha Kisukari cha Marekani, tangu mwaka 2015, kinashauri watu wenye asili ya Asia wapimwe kisukari uwiano wa uzito na urefu unapofika 23, si 25 kama kwa wengine.

Mboga za Little Saigon zinastahili kusifiwa waziwazi mbele ya mgonjwa. Rau muong, inayokaangwa kwa kitunguu saumu, ni ndugu wa karibu wa matembele. Karela hupikwa supu. Anayetumia dawa ya warfarin hahitaji kuacha majani. Anahitaji kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwani vitamini K iliyomo ikipanda au kushuka ghafla, nguvu ya dawa nayo hubadilika. Anayekunywa maji ya karela kama tiba pamoja na dawa za kisukari aulizwe kuhusu dalili za kushuka kwa sukari: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla. Na chumvi mbadala yenye potasiamu, inayouzwa kama suluhisho la shinikizo la damu, isipendekezwe kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa kama enalapril au losartan kabla ya kupima potasiamu katika damu, kwa maana ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.