Viza moja, miji miwili: Berlin na Vienna kwa mtoto wa Moshi

WATU wengi wa mjini wakisikia neno 'majuu', akili zao zinakimbilia London na Paris. Piga picha chini ya mnara, piga nyingine darajani, basi, umeshafika Ulaya. Hakuna ubaya. Lakini kama wewe ni mtoto wa Moshi, umepata likizo ya wiki moja na mshiko wa nauli upo, hebu geuza kichwa kidogo. Nenda Berlin, kisha panda treni uende Vienna.

Yote ni miji mikuu ya wafalme wa zamani, na kote wanaongea Kijerumani, lakini tofauti yao ni ya mbingu na ardhi. Na kubwa zaidi, kote kuna habari zinazomhusu mtu aliyekulia chini ya Kibo.

BERLIN: MJI WENYE MAKOVU

Usitegemee Berlin ikupokee kwa urembo. Vita Kuu ya Pili iliuacha mji huu kifusi, halafu ukagawanywa. Ukuta ulianza kujengwa Agosti 13, 1961 ukaja kufunguliwa Novemba 9, 1989. Watu wasiopungua 140 waliuawa au kufa kwa sababu yake. Leo katikati ya mji, pale ulipopita, pamepangwa mistari ya mawe barabarani. Unaweza kusimama mguu mmoja Mashariki, mwingine Magharibi. Kipande cha ukuta kiitwacho East Side Gallery, chenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, kimejaa michoro na kukiangalia ni bure.

Karibu na lango maarufu la Brandenburg kuna nguzo 2,711 za zege za kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler. Zilifunguliwa mwaka 2005. Fikiria mwenyewe: taifa linachukua kiwanja katikati ya makao yake makuu na kuweka hapo aibu yake. Ndiyo Berlin hiyo.

Lakini upo ukurasa ambao hata Berlin ilichelewa kuufunua, na ukurasa huo ni wetu. Tembea Wilhelmstrasse. Hapo ndipo ulipofanyika ule mkutano wa 1884 na 1885 wa kugawana Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Kisha chukua treni ya chini ya ardhi, U6, ushuke kituo cha Afrikanische Strasse. Utakuta mitaa ina majina kama Sansibarstrasse na Usambarastrasse. Utafikiri umepotea ukarudi nyumbani!

Mtaani humo ilikuwepo barabara ya Carl Peters, yule ambaye wazee walimwita 'Mkono wa Damu'. Akiwa mkuu wa kituo cha Wajerumani hapa hapa Kilimanjaro, aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk mwaka 1891, na msichana Jagodja mwaka 1892. Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Hata hivyo, mwaka 1939 akazawadiwa barabara. Watu wamebishana miaka na miaka, hadi Agosti 2024 vibao viliposhushwa. Sehemu moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Piga picha hapo, ina uzito kuliko ya mnara.

Usiondoke bila kupita Makumbusho ya Elimu Viumbe. Yule mnyama wa kale aliyesimama ukumbini, kimo zaidi ya mita 13, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Ni Mtanzania mwenzetu aliyekaa Ulaya muda mrefu kuliko wote.

KICHWA CHA MANGI MELI

Hapa mzaha uishe. Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi, pamoja na viongozi wengine 18. Wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alitumia miaka mingi kukiulizia.

Huko Berlin, daktari Felix von Luschan alikuwa amekusanya maelfu ya mafuvu ya watu kutoka kila upande wa dunia. Watafiti walipoyachunguza yale ya Afrika Mashariki, yalikuwa zaidi ya 1,100, na takriban 200 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa mafuvu matatu. Mojawapo ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Mangi mwenyewe halikuwemo.

Kwa hiyo unapokunywa soda yako Berlin, kumbuka hupiti mji wa watu tu. Kuna watu wa kwenu ambao hawajarudi.

VIENNA: MREMBO MNYAMAVU

Treni ya mchana inakufikisha Vienna kwa saa nane hadi tisa. Ukishuka utadhani umeingia sinema. Majumba meupe, sanamu za dhahabu, farasi wanavuta magari. Ukoo wa Habsburg ulitawala hapa hadi 1918, na jumba lao la Schönbrunn lina vyumba 1,441. Bustani ya wanyama iliyo humo ilianzishwa mwaka 1752, ndiyo kongwe kuliko zote duniani zinazoendelea na kazi.

Maji ya bomba unakunywa kiroho safi. Yanatoka milimani, kama yetu. Na kahawa usipime! Café Central ipo tangu 1876. Unaagiza kikombe kimoja, unaletewa na glasi ya maji, unakaa na gazeti lako saa tatu na hakuna wa kukufukuza. Mtoto wa mkulima wa Kibosho au Machame, hapo utajua zile buni zinakwishia wapi.

Lakini chini ya krimu nyeupe kuna uchungu. Angelo Soliman alikuwa Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto. Vienna alipanda hadi akawa msomi wa kuheshimika katika nyumba za wakubwa. Alipofariki mwaka 1796, ngozi yake ilichunwa, ikajazwa, ikavalishwa manyoya na kuwekwa kwenye maonyesho ya Kaizari. Binti yake aliomba mwili wa baba yake azike, akanyimwa. Sanamu hiyo iliungua katika machafuko ya 1848.

Na yule Luschan wa mafuvu? Alizaliwa Austria na kusoma Vienna. Miji miwili, hadithi moja.

KABLA YA KUFUNGA BEGI

Viza ni moja, ya Schengen, na inakuingiza kote. Ombea kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipanga nne Berlin na tatu Vienna, ombea Ujerumani. Ada kwa mtu mzima ilipanda hadi euro 90 mwaka 2024, na bima ya safari ni lazima. Usisubiri wiki ya mwisho. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Na Jumapili maduka mengi hufungwa miji yote miwili, kwa hiyo zawadi za mama nunua mapema.

Kwa kujirusha, Berlin ndiyo mwenyewe, wikiendi treni za chini zinakesha. Kwa kutulia na mwenzio, Vienna.

Ila kabla ya KIA, anza na Old Moshi. Ni pua na mdomo kutoka mjini. Upande ukaone mti wanaosema ndio aliponyongewa Mangi Meli, uwaulize wazee. Ukifika kule utajua unatafuta nini. Kazi kwako.