Kwa Nini Mwezi wa Kumi Huitwa wa Nane?

Mkulima mwenzetu, kalenda iliyotundikwa ukutani kwako yasema Oktoba. Wewe na jirani zako mwasema Mwezi wa Kumi. Lakini neno lenyewe, Oktoba, latoka katika octo, ambalo kwa Kilatini ni nane. Basi mwezi wa kumi umepataje jina la nane? Habari hii yafaa kujulikana, maana ndani yake mna fundisho kwa kila mtu aliyehamia shamba jipya.

HESABU YA WARUMI

Warumi wa kale walikuwa wakulima na wafugaji kabla hawajatawala nchi za watu. Mwaka wao ulianza Machi, wakati baridi inapokwisha na kazi za shamba kuanza. Ukihesabu Machi kuwa wa kwanza, utaona kwamba Septemba ni wa saba, Oktoba wa nane, Novemba wa tisa na Desemba wa kumi. Hivyo ndivyo majina hayo yasemavyo. Baadaye mwanzo wa mwaka ulipelekwa Januari. Tangu mwaka 153 kabla ya Kristo, wakuu wa Roma waliingia kazini tarehe 1 Januari. Hesabu ikabadilika, majina yakabaki yale yale.

Miezi mingine ilipewa majina ya wakubwa. Mwezi wao wa tano ukawa Julai, kwa heshima ya Julius Caesar, na wa sita ukawa Agosti, kwa heshima ya Augustus. Mtawala mwingine, Domitian, aliagiza Oktoba uitwe kwa jina lake. Alipouawa mwaka 96 baada ya Kristo, jina hilo lilifutwa, na Oktoba ikarudi kuwa Oktoba.

SIKU KUMI ZILIZORUKWA

Kalenda ya Julius Caesar ilikuwa na kasoro ndogo: mwaka wake ulizidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 ni kitu kidogo, lakini kidogo kidogo hujaza kibaba. Kufikia mwaka 1582 kalenda ilikuwa imeachana na jua kwa siku kumi. Papa Gregory XIII akaamuru siku hizo ziondolewe, na mwezi uliochaguliwa ulikuwa Oktoba. Huko Italia, Hispania na Ureno watu walilala Alhamisi tarehe 4, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Uingereza ilifuata mwaka 1752, na Urusi mwaka 1918. Ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi ya mwaka 1917 yaliangukia tarehe 7 Novemba kwa kalenda tunayotumia sisi.

Angalia jambo hili: kalenda iliruka siku kumi, lakini mbegu zilizokuwa ardhini hazikuruka hata siku moja.

MAJINA YALIYOTOKA SHAMBANI

Si mataifa yote yaliyochukua jina la Kirumi. Wapolandi huuita mwezi huu październik, jina lililotoka katika vipande vikavu vya mabua ya kitani. Ulikuwa wakati wa kuvunja mabua hayo ili kupata nyuzi. Wafini huuita lokakuu, yaani mwezi wa matope. Waingereza wa kale waliuita Winterfylleth, kwa kuwa mwezi mpevu wake ulianzisha majira ya baridi.

Wakroatia nao huuita listopad, maana yake kuanguka kwa majani. Lakini Wapolandi na Wacheki wanalo neno hilo hilo, listopad, nao huutaja hivyo mwezi wa Novemba! Jina moja, maana moja, miezi miwili. Nani mwenye makosa? Hakuna. Kila taifa lina jina linalofaa kwao. Kosa ni mtu kutoka nchi moja kwenda nyingine na kudhani kwamba jina la kwao litafaa kule pia.

KWETU JE?

Wazee wetu nao walisoma majira kwa mimea. Wakikuyu huziita mvua za mwisho wa mwaka mvua za mwere, yaani za mawele, na mvua ndefu huziita za njahi. Ukitaja mvua umetaja na zao lake.

Huko pwani Waswahili huhesabu miezi ya Kiislamu tangu Ramadhani inapokwisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Hesabu hii ni ya mwandamo wa mwezi, na mwaka wake ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Mwaka 2004 Ramadhani ilianza katikati ya Oktoba; mwaka 2024 ilianza Machi. Ni hesabu ya ibada, nayo hutimiza kazi yake vizuri, lakini haiwezi kumwambia mtu wakati wa kupanda. Wazee wa pwani walijua hivyo. Kwa kilimo na kwa safari za majahazi walishika hesabu nyingine, ya jua, iliyoanza siku ya Nairuzi na kugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, ni ya mwaka huo.

OKTOBA MBILI KATIKA KENYA

Sasa tufike kwenye shamba lako. Katika mashamba ya makazi wamekaa watu waliotoka sehemu nyingi, na kila mmoja amekuja na Oktoba yake moyoni.

Kwa mtu wa Machakos, Oktoba ni mwezi wa kupanda. Mvua za vuli huko ndizo za kutegemewa zaidi, na asiyetayarisha shamba kabla ya mvua ya kwanza huenda akakosa chakula. Kwa mtu wa Trans Nzoia, mahindi yaliyopandwa Machi au Aprili yamekauka kufikia Oktoba, naye anafikiria kuvuna na kukausha. Kwake mvua ya Oktoba yaweza kuozesha mahindi.

Hata mbegu zafuata tofauti hiyo. Mahindi ya Katumani hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo yafaa mahali penye mvua chache. Mahindi chotara ya nyanda za juu huhitaji miezi sita au zaidi. Ukiyapanda haya ya pili Oktoba katika nchi kavu, mvua itakwisha kabla hayajabeba. Mtu huyo atasema amerogwa, kumbe ameifuata Oktoba ya mahali pengine.

UFANYE NINI?

1. Nunua daftari. Andika tarehe ya mvua ya kwanza iliyolowanisha udongo barabara, tarehe uliyopanda, na tarehe uliyovuna. Kwa tarehe hutumia kalenda ya ukutani. Hiyo ndiyo kazi yake.

2. Waulize wenyeji waliotangulia kulima hapo, si ndugu zako wa kule ulikotoka.

3. Mwulize Bwana Shamba ni mbegu gani ifaayo kwa mvua za mahali hapo, kabla hujatoa fedha yako.

4. Tayarisha shamba mapema. Mvua haitangoja trekta la kukodi.

Baada ya miaka mitano daftari lako litakuwa limekufundisha Oktoba ya shamba lako. Ukipenda, uipe jina lako mwenyewe.