Miraba Minne: Kwa Nini Wanaume Hukosea Hesabu ya Mvuto

Ubishi kuhusu mwanaume aliyejaa misuli, yule ambaye Kiswahili humwita mtu wa miraba minne na ambaye vijana wa Kinshasa humwita pomba, husikika Kalemie kama unavyosikika katika kila mji wenye vijana na vyuma vya kunyanyua, na hauamuliwi kwa kuwa kila upande hutoa mfano wa mtu unayemfahamu. Wapo wanaoshikilia kwamba kifua kipana na mikono minene ndivyo vinavyomvuta mwanamke, na wapo wanaosema kuwa mwili wa namna hiyo humtisha. Na katikati yao hupenya wauza dawa, ambao hawajali nani mkweli mradi kijana aamini kwamba mwili wake hautoshi. Maswali yanayozunguka ni yale yale: je, wanawake hupenda kweli misuli mikubwa, je, vyuma huua nguvu za kiume, na je, vidonge na sindano vinavyouzwa mitaani hujenga mwili. Swali la kwanza lina majibu mawili yanayoonekana kupingana, nalo ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa hayo mengine yamezaliwa humo.

Mwaka 2007 wanasaikolojia David Frederick na Martie Haselton wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha mfululizo wa chunguzi ambamo wanawake walionyeshwa michoro ya miili ya wanaume, kuanzia iliyokonda hadi iliyovimba misuli, na matokeo yalifanana na kilima: mvuto ulipanda kadiri misuli ilivyoongezeka, ukafika kileleni kwa mwenye misuli ya kiasi iliyokazana, kisha ukateremka kwa yule aliyepita kiasi. Mwenye misuli mingi alikadiriwa kuwa mbabe, mwepesi wa hasira na asiyetegemewa sana kwa uaminifu, ingawa wanawake walipoulizwa kuhusu wapenzi wao wa muda mfupi walikiri kuwa hao ndio waliokuwa na misuli zaidi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2017, Aaron Sell na wenzake walichapisha katika jarida la Royal Society la Uingereza matokeo yaliyoelekea kukibomoa kilima hicho: walipima nguvu halisi za wanaume, wakawapiga picha, wakaficha nyuso, kisha wakaomba watu wakadirie nguvu na mvuto wa kila mwili. Ikaonekana kuwa dalili za nguvu za kifua, mabega na mikono zilieleza peke yake takribani asilimia 70 ya tofauti za mvuto, mstari ukipanda bila kuteremka, na hapakupatikana mwanamke hata mmoja ambaye kwa kipimo cha kitakwimu aliwapendelea walio dhaifu.

Wengi huishia hapo na kuuchukua utafiti unaowafaa, lakini tofauti hiyo hupungua sana mara tu inapoulizwa ni nani waliopigwa picha. Wanaume wa Sell walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watunisha misuli wa jukwaani, kwa hiyo mstari uliopatikana unaweza kuwa ubavu wa kilima kile kile, uliopimwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kukifikia kilele na kukipita. Tena kilichopimwa kilikuwa nguvu, wala si unene, na urefu wa mtu pamoja na kutokuwa na mafuta mengi viliongeza mvuto wake; mwanaume aliyevimba si lazima awe huyo. Ukweli unaoweza kusimamiwa na tafiti zote mbili ni kwamba mwili unaoonyesha nguvu hupendwa kuliko mwili dhaifu, na kwamba ubishi uliobaki unahusu watu wachache sana walio mbali kabisa upande wa pili.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote mawili liligunduliwa mapema zaidi, nalo halihusu wanawake wanapenda nini bali wanaume wanadhani wanawake wanapenda nini. Mwaka 2000 Harrison Pope wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwaketisha wanaume wa Marekani, Ufaransa na Austria mbele ya kompyuta yenye picha za miili ambayo unene wake wa misuli na mafuta uliweza kubadilishwa, wakawaomba wachague mwili walio nao, mwili wanaoutamani, na mwili wanaoamini kuwa wanawake huupenda. Mwili uliotamaniwa ulizidi ule halisi kwa takribani kilo 13 za misuli, na mwili uliodhaniwa kuwapendeza wanawake ulizidi hata huo; lakini wanawake walipoulizwa wenyewe, walichagua mwili wa kawaida usio na nyongeza hiyo. Ili kuona ukubwa wa kosa hilo inatosha kufikiria nyama ya kilo 13 juu ya mizani ya bucha, kisha kukumbuka kwamba mamilioni ya vijana wanahangaika kuibandika nyama hiyo juu ya mifupa yao kwa ajili ya macho ambayo hayakuiomba. Kosa hilo la makadirio likizidi huwa ugonjwa, ambao Pope na wenzake waliueleza na kuupa jina mwaka 1997: mtu mwenye mwili wa kuziba mlango hujitazama kwenye kioo na kujiona amekonda, akaacha kazi, marafiki na ndoa ili arudi kwenye vyuma.

Wanaodhani kwamba kifua kilichotunishwa ni kipimo cha milele cha uanaume wangefaidika kwa kutazama sanaa ya jimbo lao wenyewe. Wachongaji wa Kihemba, ambao nchi yao iko pande za Kongolo ndani ya jimbo la Tanganyika, lenye mji wa Kalemie, walichonga sanamu za mababu ziitwazo singiti, ambazo mwanahistoria wa sanaa François Neyt alizieleza kwa kina mwaka 1977: uso umetulia, mabega ni mapana, na mikono imetua pande mbili za tumbo lililojitokeza, kwa hiyo jicho la mtazamaji huongozwa kwenye tumbo, si kwenye misuli ya mikono. Huyo ndiye mwanaume aliyekamilika kwa macho ya waliomchonga. Mawazo hayo hayajafa, kwani ufukweni Kalemie, mahali mashua za mbao zinapopakuliwa, mpagazi anayepanda ubao na gunia begani ana mgongo ambao mtunisha misuli angeulipia, kila msuli ukijichora chini ya ngozi iliyolowa jasho, na mwenye gunia amesimama kando na kitambi chake. Wapo wazazi wengi ambao wakiombwa wamchagulie binti yao mchumba kati ya hao wawili hawatatazama mgongo hata kidogo.

Tofauti hizi za macho hazikuzuka tu. Viren Swami na Martin Tovée walionyesha mwaka 2005, walipolinganisha Uingereza na Malaysia, kwamba wanawake wa mijini huangalia zaidi uwiano wa kifua na kiuno, yaani lile umbo la mabega mapana yanayoteremka kwenye kiuno chembamba, ilhali wa vijijini huangalia zaidi uzito wa mwili, nao humpendelea aliyenona kidogo. Maelezo yanayoaminika ni kwamba pale chakula kinapokuwa cha kubahatisha, unene ni ushahidi wa akiba na wa afya, na pale chakula kinapokuwa tele, kinachokuwa adimu ni mwili uliokazana. Na Kalemie, mji wenye bandari, reli na njaa vyote kwa pamoja, una macho ya aina zote mbili katika mtaa mmoja, jambo linalotosha kueleza kwa nini ubishi hauishi.

Kuhusu misuli yenyewe, uongo ni mwingi. Misuli haigeuki mafuta mtu anapoacha mazoezi, kwa kuwa hizo ni tishu mbili tofauti, moja husinyaa na nyingine hunenepa kwa sababu mlaji hajapunguza bukari. Mayai mabichi hayajengi mwili kuliko ya kupikwa, bali kinyume chake, maana mwili hufyonza takribani nusu tu ya protini ya yai bichi, na karibu asilimia 90 ya ile ya yai lililopikwa. Vijana wawili wanaonyanyua bomba lile lile lenye makopo ya saruji ncha zote mbili hawatapata mwili mmoja, na sababu si uchawi wala mizizi: mwili hutengeneza mayostatini, protini inayozuia misuli isikue kupita mpaka, iliyogunduliwa mwaka 1997 na Alexandra McPherron na Se-Jin Lee, na kiwango cha breki hiyo hurithiwa. Ng'ombe wa buluu wa Ubelgiji, ambao breki yao imeharibika kwa kurithi, hujaa misuli kiasi kwamba ndama wao mara nyingi hutolewa kwa upasuaji.

Kuna uongo mmoja unaodai uvumilivu, kwa sababu una mzizi wa ukweli, nao ni ule usemao kwamba vyuma humaliza nguvu za kiume. Vyuma havifanyi hivyo. Sindano ndiyo inayofanya, na anayeona mtunisha misuli asiyepata mtoto huilaumu saruji badala ya chupa. Haifai kudai kwamba sindano hizo hazifanyi kazi, kwani kijana atakayeona mwenzake amenona hatasikiliza tena: mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake waliwagawa wanaume 43 na kuwapa baadhi yao miligramu 600 za testosteroni, homoni ya kiume, kila wiki kwa wiki 10, na waliochomwa bila kufanya mazoezi waliongeza takribani kilo 3 za mwili usio mafuta, waliofanya mazoezi bila dawa karibu kilo 2, na waliofanya yote mawili kilo 6.

Gharama yake imo katika utaratibu ambao ni miongoni mwa mambo ya kustaajabisha zaidi katika mwili wa mwanaume. Chini ya ubongo kuna haipothalamasi, sehemu ndogo ambayo kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hutoa homoni yake, si kwa mfululizo bali kwa mapigo kama ya ngoma, na kila pigo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, ambayo nayo hutuma kwenye damu homoni mbili: moja huziamuru seli za Leydig za korodani zitengeneze testosteroni, na nyingine huziamuru seli za Sertoli zilee mbegu za uzazi. Ubongo huonja testosteroni iliyomo kwenye damu, na ikizidi hupunguza mapigo. Sindano inapoingia, ubongo huona ghala limefurika na ngoma hunyamaza. Korodani, zisizopokea amri tena, huacha kutengeneza testosteroni yao wenyewe. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa mbegu haziwezi kukomaa ila zikiogelea ndani ya korodani katika testosteroni iliyo makumi ya mara zaidi ya ile ya damuni, na dozi iliyoijaza damu haifiki kiwango hicho humo ndani: ni kijiji kinachokufa kiu ufukweni mwa ziwa. Kwa kuwa mbegu huchukua takribani siku 74 kutengenezwa, madhara hayajionyeshi hadi miezi miwili au mitatu ipite, wakati kioo kimekwisha kumsifia mtumiaji na rafiki zake wamekwisha kuuliza anakonunua. Na korodani husinyaa, maana sehemu kubwa ya ujazo wake ni mirija ya mbegu.

Jambo hili halina ubishi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lililitumia kwa makusudi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki ili ijulikane kama inafaa kuwa dawa ya kuzuia mimba. 157 kati yao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja, na katika kipindi chote cha kuitegemea sindano hiyo ilipatikana mimba 1 tu. Dawa inayouzwa kama kiini cha uanaume ni dawa iliyojaribiwa kumzuia mwanaume asizalishe, na wanaojichoma kwa ajili ya misuli mara nyingi hupita dozi hiyo maradufu. Ziada nyingine hubadilishwa na kimeng'enya kiitwacho aromatasi kuwa homoni ya kike, na matiti huanza kuota. Mwaka 2019 wanasayansi James Mossman na Allan Pacey walilitaja jambo hili kama kitendawili ambacho sasa hujulikana kwa majina yao: mwanaume hujipamba kwa ajili ya kupendwa na kuzaa, na pambo lenyewe humwondolea uwezo wa kuzaa. Anapoacha, ngoma haiamki siku hiyo hiyo, na kwa miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi, hubaki na uchovu, huzuni na ukosefu wa hamu, hali ambayo mtaa huisimulia kama adhabu ya vyuma.

Udanganyifu mbaya kuliko sindano ni ule wa vidonge vidogo vya deksamethasoni, vinavyojulikana nchini Kongo kwa jina la dexa, ambavyo huuzwa kwa kuhesabiwa kimoja kimoja, mara nyingi pamoja na saiproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa. Matumizi haya ya kutafuta umbo, kwa wanaume na wanawake, yamekwisha kuchunguzwa na watafiti wa afya ya jamii mjini Kinshasa. Anayevimeza huvimba uso na kiwiliwili ndani ya wiki chache, naye huambiwa kwamba amejenga mwili, lakini kilichomjaa ni maji na mafuta, na wakati huo huo deksamethasoni huzivunja protini za mapaja na mikono, yaani humla misuli ile ile aliyoinunulia vidonge, hupandisha sukari ya damu na kudhoofisha kinga katika nchi yenye kifua kikuu kingi. Anayemuuzia kijana dawa inayokula misuli huku akiiita dawa ya misuli si mganga wala mfanyabiashara, ni mwizi, na hastahili kuitwa kwa jina la heshima.

Mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki yenye uzito unaoongezwa kidogo kidogo, usingizi wa kutosha, na takribani gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ambazo ndakala kavu, maharage na karanga huzitoa kwa bei nafuu kuliko unga wowote wa kopo, ndiyo njia nzima ya kujenga misuli. Aliyejichoma naye anatamani mtoto aombe kipimo cha mbegu, na kirudiwe baada ya miezi mitatu. Aliyemeza dexa kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo nazo zimekwisha kunyamaza kwa utaratibu ule ule wa ngoma na zinahitaji muda kuamka, na kuacha kwa siku moja kunaweza kumwangusha kwa shinikizo la damu lililoporomoka. Aende hospitalini na karatasi ya vidonge mkononi, aseme ukweli ni vingapi na kwa muda gani, ili dozi ipunguzwe hatua kwa hatua.