Gunia la Alizeti Kwenye Karatasi ya Mtihani

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara anaweza kupata alama zote kwa kutaja kazi za menejimenti, kisha akashindwa kumshauri mama yake auze alizeti au aikamue. Mitihani mingi ya kozi za mwanzo hupima madesa: taja, orodhesha, fafanua. Benjamin Bloom na wenzake walipochapisha ngazi zao za malengo ya elimu mwaka 1956, maarifa ya kukumbuka waliyaweka chini kabisa, uchambuzi na tathmini juu. Maswali yetu bado yamerundikana chini.

Hapa Singida, ambako Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi, swali la kupima tafakuri lipo shambani. Tuseme gunia lina kilo 65 za alizeti, na kilo inauzwa shilingi 1,000. Likikamuliwa linatoa lita 16 za mafuta, kila lita shilingi 5,000, na kilo 45 za mashudu kwa shilingi 400 kila kilo. Mwenye mashine anatoza 6,000. Mkulima auze mbegu au akamue?

Anayejua hesabu ataandika: mbegu 65,000, mafuta na mashudu 98,000, toa 6,000, zinabaki 92,000. Akamue, atazidi kwa 27,000. Hajakosea, lakini mpaka hapo tumepima kujumlisha na kutoa tu. Tafakuri inaanza anapouliza: mashudu ni ya nani? Yakibaki kwa mwenye mashine, zile 27,000 zinashuka hadi 9,000, na bado madumu hayajanunuliwa, nauli haijalipwa, wala haijulikani mafuta yote yatauzika lini. Ikiwa ada ya mtoto inadaiwa wiki hii, kuuza mbegu huenda ndiko kunakomfaa.

Kisha mwalimu aongeze kipengele cha pili: mafuta ya mawese yameingia kwa wingi kutoka nje, lita ya alizeti sasa ni 4,000. Bila mashudu, mkamuaji anabaki na 58,000, chini ya bei ya mbegu. Akiwa nayo anapata 76,000. Mimi naona kipimo chenyewe kiko hapa. Simtafuti aliyebadili ushauri wala aliyeushikilia. Namtafuta anayeweza kuonyesha ni taarifa ipi imemfanya abadili au asibadili.

Mwongozo wa kusahihisha tafakuri uliotolewa mwaka 2009 na AAC&U, jumuiya ya vyuo ya Marekani, unatazama jinsi mwanafunzi anavyoeleza tatizo, anavyotumia ushahidi, anavyohoji mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli, anavyojenga msimamo na anavyofikia hitimisho. Kwa wanaoanza, ningelipa uzito mkubwa lile la tatu, maana ndilo linalowakumbusha kuuliza habari za mashudu.

Liko pia suala la lugha, nami silichukulii kuwa dogo. Kijana aliyekua akizungumza Kinyaturu au Kinyiramba, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anajibu mtihani wa chuo kwa Kiingereza. Jibu lake fupi laweza kuwa limebeba fikra pana iliyokosa maneno. Mwalimu amsikilize kwanza akijieleza kwa Kiswahili darasani, na alama za sarufi zitengwe na alama za hoja. Halafu walimu wawili wasahihishe karatasi kadhaa zilezile, kila mmoja kivyake. Wakipishana sana kwenye alama, waurekebishe mwongozo kabla ya kugusa karatasi zilizobaki.