Kutoka Shabu hadi Namba ya Usajili: Majina kama Njia ya Kuyafikia Maandiko ya Kemia

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwamba kuyatafuta maandiko ya kemia ni kazi ya majina kabla ya kuwa kazi ya mitambo. Kwa mifano ya shabu, mlonge na kaolini kutoka Kibaha na Kisarawe, yanaonesha mahali ambapo istilahi za Kiswahili humfikisha mtafutaji, na mahali zinapomwacha.

Maji ya Mto Ruvu hubeba tope wakati wa masika, na mwanafunzi wa Kibaha anayetaka kuandika juu ya kuyatakasa ana neno tayari: shabu. Kamusi za Kiswahili zinalitambua, nalo hutaja madini meupe yanayotiwa majini ili tope litue. Akiliandika katika hifadhidata ya kimataifa, hata hivyo, ataletewa makala za tiba na uhalifu, kwa kuwa shabu ni jina la mtaani la methamfetamini huko Ufilipino na Japani. Neno si kosa. Limevuka tu mipaka ya jamii inayolielewa.

Wanafunzi wengi wa Shule ya Sekondari Kibaha, au ya Minaki huko Kisarawe, walisoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili na kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Wanafika chuoni wakiwa na akiba mbili za majina zisizounganishwa: moja ya jikoni na dukani, nyingine ya mtihani.

Wanakemia wenyewe walisumbuliwa na majina kwa muda mrefu. Beilstein, katika kitabu chake cha marejeo kilichoanza kutoka mwaka 1881, alizipanga dutu za kikaboni kwa muundo wake, si kwa alfabeti ya majina. Chemical Abstracts, iliyoanza mwaka 1907, ilitoa mihtasari ya machapisho. Na kuanzia mwaka 1965 kila dutu ikapewa namba yake ya usajili, ambayo haibadiliki hata dutu ikiwa na majina kumi. Inafaa wanaisimu wakumbuke kuwa Eugene Garfield, mwasisi wa faharasa ya manukuu inayomwezesha msomaji kujua ni nani aliyeirejelea makala fulani baadaye, alipata udaktari wake wa isimu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1961. Tasnifu yake ilihusu namna ya kutafsiri majina ya kemikali kuwa fomula. Zana inayodhaniwa kuwa ya maktaba ilibuniwa na mtu aliyeliona tatizo hilo kama la lugha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mtafutaji ni kuuliza: shabu ipi? Alumini potasiamu salfati isiyo na maji ina namba 10043-67-1. Ile yenye molekuli 12 za maji ni 7784-24-9. Alumini salfati, ambayo nayo huitwa shabu, ni 10043-01-3. Kiswahili cha kila siku hakizitofautishi, wala hakina sababu ya kuzitofautisha. Hifadhidata ndiyo inayolazimisha uchaguzi huo.

Mlonge unadai njia nyingine. Mbegu zake zilizopondwa hutuliza tope, jambo lililochunguzwa sana Sudan, lakini unga wa mbegu ni mchanganyiko wa vitu vingi, hauwezi kufikiwa kwa namba ya dutu moja. Ufunguo hapa ni jina la kibotania, Moringa oleifera.

Kaolini ya Pugu, wilayani Kisarawe, inaongeza tatizo la wakati. Jina la madini hayo limetokana na Gaoling, mahali nchini China, na namba yake ni 1332-58-7. Namba hiyo italeta maelfu ya machapisho. Kinachoyapunguza ni jina la mahali. Anayeandika "Tanzania" pekee atayakosa maandiko ya kabla ya mwaka 1964, yanayosema Tanganyika, pamoja na ya Wajerumani, walioandika Kisserawe. Jina "Pugu" limevuka tawala zote bila kubadilika, na ndilo la kuanzia.

Hapa ndipo wanaistilahi wanapohusika. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilithibitisha kuwa Kiswahili kinaweza kuzitaja dhana za sayansi, na mjadala tangu hapo umeelemea ubora wa visawe: kukopa au kuunda, tahajia hii au ile. Mjadala huo una thamani yake, ingawa wakati mwingine hurefushwa kupita kiasi. Kamusi inayoishia kwenye kisawe humsaidia anayesoma. Anayetafuta humwacha njiani. Kidahizo cha kemia kinahitaji fomula na namba ya usajili, nafasi isiyozidi nusu mstari. Chini ya shabu pangeandikwa kuwa neno hutaja alumini potasiamu salfati, 10043-67-1, na katika usafishaji wa maji pia alumini salfati, 10043-01-3. Na kwamba shabu ya wauza dawa za kulevya ni homonimu, yenye asili nyingine.